Binti Ameitwa Kusomea Uhandisi: Tumsikilize Kwanza



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu msomaji, juma hili tumepokea barua ya mama mmoja wa Likoni ambaye bintiye ameitwa katika chuo kikuu cha umma kilichoko bara, kusomea uhandisi wa ujenzi kwa muda wa miaka mitano. Nyumba, asema mama huyo, imegawanyika. Baba mtu anaona afadhali binti aombe kuhamishwa, asomee ualimu katika chuo cha karibu, alale kwao. Shangazi wanasema miaka mitano ni mingi na posa hazingoji. Kaka yake anasema kazi ya saruji na kokoto ni ya wanaume. Mama mwenyewe yu katikati: hataki kumkaidi mumewe, wala hataki kumvunja moyo mwanawe. Anauliza ashike upande upi.

Tuliisoma barua hiyo mara kadhaa, na kuna jambo moja ambalo hatukuliona ndani yake, nalo ni neno la binti mwenyewe. Tulijua rai ya baba, ya shangazi na ya kaka. Anayekwenda kusoma hatukujua anapenda nini wala anatarajia nini. Kwa hivyo, kabla ya kujibu, tulimwomba mama amuulize bintiye swali moja. Tulimsihi asiulize, "Unataka kuwa nani?" bali aulize, "Unataka kutengeneza nini?" Jibu lilirudi baada ya siku mbili, nasi tumepewa idhini ya kulieleza hapa.

Binti huyo hakusema kwamba anataka kuitwa Injinia. Alisema kwamba tangu akiwa darasa la nne amekuwa akiamka alfajiri na, baada ya Swala, akikaa mlangoni na mitungi ya lita 20 kuisubiri mikokoteni ya maji. Kwamba kisima cha nyumba yao hutoa maji ya chumvi yasiyofaa chai wala kutoa povu la sabuni. Na kwamba nyanya yake alimweleza kuwa kisima hicho hicho, alipokuwa yeye msichana, kilikuwa kitamu. Swali lililomkaa moyoni ni hili: chumvi hiyo iliingiaje? Mwalimu wake wa jiografia alimjibu kidogo, naye akatafuta zaidi vitabuni, na sasa anataka kulijua jambo hilo hadi mwisho wake na kulitafutia dawa. "Mama, maji usiyoyafika hujui wingi wake," alisema, "nami nataka kuyafika."

Ndugu msomaji, swali hilo si la kitoto. Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mwamba wenye matundu mfano wa sifongo. Mvua inyeshapo, maji matamu hupenya chini na kutulia juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza ardhini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wana kanuni, iitwayo kwa majina ya Ghyben na Herzberg, isemayo kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni nzito. Tukivuta maji hata usawa wake ukashuka kwa mita 1, basi, baada ya muda, mpaka wa chumvi hupanda kutoka chini kwa takriban mita 40. Visima vinapozidi kuchimbwa, kila nyumba ikawa na pampu yake, chumvi hupanda pole pole bila ya mtu kuiona, hata siku moja ndoo ikatoka na maji yasiyonyweka. Kisima kilichokuwa kitamu zamani za nyanya kinaweza kabisa kuwa cha chumvi zama za mjukuu, na hakuna aliyekiroga.

Na maji ya mabomba, kwa sehemu kubwa, hayatoki mjini mwetu. Yanatoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, yanatoka Baricho kando ya Mto Sabaki, yanatoka Marere katika vilima vya Shimba, na yanatoka visima vya Tiwi. Bomba la Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, linasafiri zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika Mombasa. Ili maji yasafiri mwendo huo, lazima mtu akae chini apime mwinuko wa ardhi, akisie unene wa bomba, ahesabu msukumo wa maji ndani yake, na ajue mahali litakapopasuka likikosewa. Mtu huyo ndiye mhandisi. Kila asubuhi tunapofungua mfereji tunakula matunda ya hesabu zake, na ukitoka upepo mtupu tunalipa gharama ya hesabu ambazo hazijafanywa.

Haya tunayasema ili wazazi waone tofauti iliyopo baina ya hamu na cheo. Kijana anayekwenda chuoni kwa sababu ya cheo amebeba neno moja tu, nalo ni "Injinia." Neno hilo ni zuri katika kadi za harusi, lakini halimsaidii mtu usiku wa kuamkia mtihani. Kijana anayekwenda kwa sababu ya swali amebeba kitu cha kumrudisha kitabuni kila anapochoka. Tuseme ukweli: mwaka wa kwanza wa uhandisi hautamfundisha binti huyu habari za maji. Utamfundisha hesabu za juu, fizikia, kemia, michoro ya kihandisi, na kazi za karakana. Ataona kwamba aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao amekaa darasa moja na wengine waliokuwa wa kwanza shuleni kwao, na pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake atapata alama za chini. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Mekanika ya vimiminika, elimu ya udongo, upimaji wa ardhi, na elimu ya mvua na mito huja katika miaka inayofuata. Mwenye swali lake hustahimili, maana anajua hesabu hizo kavu ndizo ngazi ya kumfikisha kwenye kisima cha nyanya yake.

Wapo watakaosema kwamba elimu hii ni ya kigeni kwetu, na hasa kwa mabinti. Tuwajibu kwa upole. Neno lenyewe "mhandisi" limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni handasa, yaani elimu ya vipimo na maumbo. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya Ulumiddin, aliihesabu tiba na hesabu, na hata kilimo na ufumaji, kuwa miongoni mwa faradhi za kutosheleza: wakipatikana wa kuzisimamia, jamii imetosheka, wasipopatikana, lawama ni ya wote. Ibn al-Nadim, aliyeandika Fihrist yake mjini Baghdad katika karne ya 10, katika orodha ya mafundi wa usturlabu, chombo cha kupimia nyota na nyakati, alimtaja mwanamke, Al-Ijliyya, binti wa fundi wa chombo hicho hicho, aliyekuwa pamoja na Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab. Binti mwenye elimu ya vipimo si bidaa ya leo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hadi Baghdad na Halab. Hapa Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1940, Sultani wa Zanzibar Sayyid Khalifa bin Haroub, Aga Khan, na jamii ya Mabohora walitoa mali zao, zikaunganishwa na fedha za serikali ya wakati huo, ili Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Ndipo likazaliwa jengo lile la kuba na matao pale Tudor, likaitwa Mombasa Institute of Muslim Education, au MIOME. Masomo yalianza mwaka wa 1951, yakiwemo ya uhandisi wa umeme na wa mitambo. Mwaka wa 1966 chuo kikabadilishwa jina na kufunguliwa kwa watu wote, mwaka wa 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka wa 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wale waliona kwamba jamii isiyokuwa na mafundi wake itakuwa daima ikiomba kuchimbiwa, kujengewa na kutengenezewa.

Hata hivyo, hofu za baba si za kupuuzwa. Baba anayehofia bintiye kwenda mbali anatimiza amana yake. Tuzitazame hofu hizo moja moja.

Ya kwanza ni umbali. Ikiwa hiyo ndiyo hofu pekee, basi dawa yake si lazima iwe kuacha uhandisi. Chuo hicho cha Tudor kinafundisha uhandisi wa ujenzi, na mwanafunzi aliyepangiwa chuo cha umma anaweza, katika muda maalumu unaotangazwa na bodi ya KUCCPS, kuomba kuhamishwa. Maombi si ahadi, lakini mlango upo. Jambo la kuangaliwa kabla ya kuhama, na hata kabla ya kukubali nafasi ya kwanza, ni kama kozi hiyo hasa, katika chuo hicho hasa, imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011, bodi hiyo ndiyo inayosajili wahandisi. Anayehitimu husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi kwa muda usiopungua miaka mitatu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi kamili. Kozi isiyoidhinishwa inaweza kumwacha kijana na shahada mkononi na mlango umefungwa. Hili huulizwa sasa. Likingojwa hadi mwaka wa tano, majuto ni mjukuu.

Ya pili ni kwamba kazi hii ni ya wanaume. Mhandisi hapakui kokoto kwa kutwa. Kazi yake ni kupima, kuhesabu, kuchora, kujaribu udongo na saruji, na kusimamia. Ni kweli kwamba atatoka juani na kufika machimboni, na ni kweli kwamba darasani wasichana watakuwa wachache. Lakini ni nani amebeba ndoo za maji pwani hii tangu zama na zama? Mwenye kuujua uzito wa ndoo ana haki ya kuketi mahali ambapo njia ya bomba inaamuliwa.

Ya tatu ni stara, na hapa akina mama tuna la kufanya kwa mikono yetu. Karakana ina mashine ya kerezo na nyingine zizungukazo kwa kasi, nazo zikishika nguo iliyolegea humvuta mtu kabla hajapiga ukelele. Mtandio unaopepea na mikono mipana ya buibui havifai mahali hapo. Mshoneeni mavazi mawili matatu ya kazi: refu, pana la kutosha kwa stara, lakini mikono yake imebanwa kwa mpira kwenye vifundo, na hijabu ya kuvaa kichwani isiyo na ncha za kuning'inia, nyepesi, ili kofia ngumu ikae sawasawa juu yake. Pindo lisiburure chini. Viatu viwe vigumu vya kufunika vidole. Hijabu haikuwa kizuizi cha kazi hii. Kinachotakiwa ni mshono wenye akili.

Ya nne ni mchanganyiko na upweke. Kazi za maabara na za upimaji hufanywa kwa makundi, na baadhi huwa nje ya chuo. Binti afundishwe mapema kusema kwa adabu, bila ya kuona haya, kwamba angependa kundi lenye msichana mwenzake, na kwamba kazi za usiku zifanywe maktaba palipo na watu. Siku anayofika, atafute jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, ajue msikiti ulipo na mahali pa kuswali wanawake. Atafute na dada wa mwaka wa tatu au wa nne wa kumshika mkono. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na mwenzako aliyekutangulia ni nyenzo kubwa.

Ya tano ni posa. Ndoa ni nusu ya dini, na haipingani na elimu. Akija mtu mwema mwenye dini na tabia, azungumziwe waziwazi, mbele ya walii, kabla ya akdi: binti yumo masomoni, amebakisha miaka mingapi, na atakamilisha. Mume asiyeweza kulipokea neno hilo siku ya posa hatalipokea siku ya mtihani. Kumwachisha binti masomo kwa ajili ya posa ambayo bado haijabisha hodi ni kuuza mbachao kwa msala upitao.

Ya sita ni fedha. Someni barua ya ufadhili kwa makini, mtenganishe msaada usiorudishwa na mkopo unaorudishwa. Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza umekuwa ukirudishwa pamoja na riba ya asilimia 4. Familia nyingi za Kiislamu hujizuia nao kwa sababu hiyo. Anayetatizika aulize masharti yaliyopo sasa ofisini kwao, kisha amuulize sheikh wake kabla ya kutia sahihi. Ulizeni pia kuhusu basari za kaunti na za hazina ya eneo bunge. Fomu zake zina muda, na wengi hukosa kwa kuchelewa. Na upo mchango wa jamaa. Tunachangiana maharusi kwa mamia ya maelfu katika siku tatu. Hatushindwi kuchangia ngamizi na viatu vya kazi katika miezi mitatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Baada ya hayo, tuwageukie wazazi wa upande wa pili, maana nao wako wengi. Kuna vijana waliopata alama nzuri za hesabu, fizikia na kemia, na wazazi wakaamua papo hapo kwamba watakuwa wahandisi, kwa kuwa jirani anaye mmoja. Alama zinaonyesha kwamba kijana anaweza. Hazionyeshi kwamba anapenda. Muulizeni mwanenu maswali haya, nanyi mnyamaze mumsikilize. Je, kuna kitu gani kibovu mtaani mwetu ambacho kinakukera usiku na mchana? Ukiona daraja, au mtambo wa umeme, au jahazi linatengenezwa, wewe hutazama nini kwanza? Ukikosa jawabu la hesabu, huacha au huirudia? Wajua tofauti ya uhandisi wa ujenzi, wa umeme, wa mitambo, na wa kemikali, na kwa nini umechagua huu? Ikiwa majibu yote ni "sijui" na "baba alisema," basi msimsukume. Ualimu, uuguzi, sheria na biashara ni milango ya kheri, na mwalimu mwenye kuipenda kazi yake ni bora kuliko mhandisi aliyelazimishwa, ambaye nyumba aliyoihesabu kwa kuchoka itawaangukia watu.

Sasa, mama yetu wa Likoni, jibu letu ni hili. Usishike upande. Waketishe mume wako na bintiye mahali pamoja, baada ya Isha, hali nyoyo zimetulia, na mwache binti aeleze habari ya kisima kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyokueleza wewe. Tunadhani baba hajawahi kuisikia. Anajua kwamba bintiye ameitwa mbali. Hajui ni kwa ajili ya nini. Kisha baba naye aeleze hofu yake, na binti asimkatize. Mkubaliane mambo ya kuandikwa: atalala wapi, atapiga simu lini, atarudi likizo zipi, nani wa karibu na chuo atakuwa kama mzazi wake huko, na ni jambo gani likitokea mtakaa tena kushauriana. Mswali istikhara. Rai yetu, mkituuliza, ni kwamba binti mwenye swali kama lile aachiwe alifuate, iwe huko bara au hapa Tudor.

Na kwako wewe binti, pamoja na wenzako mnaofunga masanduku majuma haya: usiahidi kwamba utarudi na kuumaliza ukame wa pwani nzima. Tatizo la maji lina siasa zake, lina fedha zake, na lina watu wengi ndani yake. Mhandisi mmoja ni fungu tu la kazi hiyo. Tarajia kidogo kidogo: kufaulu hesabu za mwaka wa kwanza, kujua kupima kisima kimoja sawasawa, kukaa miezi ya mafunzo kazini katika ofisi ya maji na kuona mabomba yanavyovuja. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nenda ukasome, uhifadhi Swala zako, na kila urudipo likizo shusha kamba katika kile kisima, uonje maji yake, uandike katika daftari tarehe na kina chake. Hiyo itakuwa kazi yako ya kwanza ya uhandisi, na haingoji shahada.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awalinde ugenini, na awajaalie wazazi subira ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.